Siku Ta Rugaibula Alipokuja Kuiona Mashine

Josia alikuwa ameshaifuta mashine yote tangu kulipopambazuka, na sasa alikuwa anaifuta tena. Shaba iling'aa kiasi cha mtu kuweza kunyolea ndevu mbele yake, lakini mikono haikukubali kutulia. Mtu mwenye hofu mpe tambara, ndugu yangu, atafuta hata jiwe la njiani.

Siku hiyo Ta Rugaibula wa Kishanda, na "Ta" kwetu ni kusema mzee wa heshima, alikuwa anakuja kuiona mashine hiyo. Akishaiona, ndipo atasema kama binti yake Alistidia ataolewa na Josia au hataolewa. Hakuna haja ya kuzungusha maneno. Mwanamume anayeukaribia umri wa miaka arobaini, ambaye majirani walishaacha hata kumtania kuhusu kuoa, maisha yake yaliyobaki yalikuwa yametundikwa kwenye chuma. Na chuma chenyewe kilikuwa kimekufa zamani.

Ngoja nieleze vizuri. Hapo Bukoba, kando ya ziwa, kuna jengo la mawe lenye madirisha marefu, na ndani yake imehifadhiwa injini ya mvuke iliyokuwa ikivuta maji ziwani na kuyapandisha kwa watu wa mlimani. Ni dude la kukutisha. Gurudumu lake peke yake linaipita nyumba ya kawaida kwa urefu, na ukisimama chini yake unajikuta unashusha sauti bila kuambiwa na mtu. Siku hizi maji yanasukumwa na pampu za umeme zilizoko kwingine, vitu vidogo visivyo na heshima yoyote, na mzee huyu wa chuma amebaki kuwa makumbusho. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanakwenda zao. Anayebaki naye ni Josia, mtunzaji.

Hakuanzia hapo. Ujana wake aliumalizia kisiwani Goziba akitengeneza injini za mitumbwi ya wavuvi, hadi mtumbwi mmoja ulipopinduka naye mchana kweupe, akaapa kwamba maji atakayoyaamini tena ni yale ya kwenye ndoo. Akahamia Kemondo kubeba magunia ya kahawa bandarini, mpaka mgongo ukamgomea. Alipopata kazi ya kukaa na kitu kisichosema, ilimfaa, maana yeye mwenyewe si msemaji. Kimya ndicho kilema chake, na kimya hicho ndicho kilichomponza.

Palepale ndipo alipokutana na Alistidia. Binti huyo alikuwa amemleta mama yake, Ma Benigna, hospitalini baada ya kiharusi kumlaza, na wakati wa kusubiri majibu akatoka kutembea, akaingia kwenye lile jengo kupumzisha miguu. Akaitazama mashine juu mpaka chini.

"Inakwenda?" akauliza.

"Haiendi," Josia akajibu.

"Hata kwetu sasa yuko asiyekwenda," akasema, akakaa kwenye benchi, akalia kidogo bila kuona aibu. Josia alimletea maji ya kunywa akasimama karibu. Tangu siku hiyo wakawa wanaongea kwa simu. Yalikuwa maongezi ya kukatikakatika. Katikati ya neno tamu Alistidia angesema, "Subiri, tunamgeuza mama," na simu ikakatika. Josia alizoea, kama tunavyozoea umeme kukatika.

Sasa sikia balaa lilikotokea. Kwetu, siku ya kwenda kuposa, mposaji hasemi. Anakaa ameinamisha uso, na mshenga ndiye anayemsemea. Mshenga wa Josia alikuwa Mzee Kagaruki wa Kemondo, mtu ambaye ukimpa ulimi wake kazi anaufanyisha na kazi ya ziada. Wakaenda Kishanda, wakaingia nyumba ya Ta Rugaibula, wakapewa kamwani, zile kahawa zetu za kutafuna zilizochemshwa na majani ya kunukia na kuanikwa. Mwenyeji akauliza, "Kijana wenu anafanya kazi gani?"

Kagaruki akakaa vizuri. "Ta Rugaibula, umesikia habari ya mashine kubwa ya maji ya Bukoba? Mwenye kuiendesha ndiye huyu uliyenaye. Huyu akilala, waitu, ndugu zangu, mji mzima unalala na kiu."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Josia alihisi masikio yanapata moto. Alitaka kusema sivyo, lakini adabu ilimwambia nyamaza, na mposaji anayefungua mdomo mbele ya wakwe anaonekana hana malezi. Akanyamaza. Na kule kunyamaza kwake, mbele ya watu wote wale, kukawa kama kuutia sahihi uongo wa mwenzake.

Jioni ile alimwambia Alistidia kwa simu. Alistidia alikuwa anaijua kweli tangu siku ya kwanza. Hakumtukana. "Utamwambia baba wewe mwenyewe," akasema. "Mimi sitamsemea mwanamume atakayekuwa mume wangu. Na ujue, hilo la wewe kuwa Mlutheri na sisi Wakatoliki, alilimeza kwa shida. La uongo hatalimeza." Josia aliahidi. Kisha wiki zikapita, kila asubuhi akisema kesho, na kesho nayo ikifika na kesho yake. Njia ya mwongo ni fupi, tunafundishwa darasani, lakini hakuna anayetuambia jinsi inavyochosha kuitembea. Alipungua mwili. Usingizi ukaota mbawa. Halafu ikaja habari kwamba Ta Rugaibula anakuja mjini kuchukua dawa za mkewe, na kwamba angependa kuisikia ile mashine ikinguruma.

Kagaruki alifika mapema siku hiyo, amevaa koti la harusi. "Tulia wewe," akamwambia Josia. "Tutasema iko kwenye matengenezo. Nani atabisha? Nchi hii kila kitu kiko kwenye matengenezo."

"Mzee wangu, si afadhali tuseme kweli?"

"Unataka kunivua nguo mbele ya watu? Mimi nimekusemea, wewe unataka kunisaliti?"

Hapo Josia akabanwa pande zote. Akisema kweli, anamuaibisha mshenga wake na kumpoteza Alistidia. Akinyamaza, anaweza kumpata Alistidia, kisha akaishi na wakwe kama mtu anayelala juu ya siafu.

Wageni wakafika. Ta Rugaibula, mrefu, kanzu na koti, fimbo mkononi, na mfuko wa dawa umening'inia kwenye kidole. Nyuma yake dada yake Joanitha, shangazi wa Alistidia, mwanamke ambaye macho yake yanakagua hata kona ambazo hujafagia. Alistidia hakuja. Alibaki na mama.

Wakasalimiana. Ikafuata nafasi ile ambayo mwenyeji huijaza kwa kumpa mgeni kamwani, na Josia akakumbuka kwamba kikapu alichokiandaa tangu jana alikuwa amekisahau nyumbani juu ya meza. Alipapasa mfukoni. Akatoa tambara lenye grisi.

"Huku kwenu mgeni anapewa matambara?" Joanitha akauliza, kwa upole kabisa.

Kagaruki akacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili, akawaingiza ndani haraka.

Ta Rugaibula aliposimama chini ya gurudumu alivua kofia. Akatazama juu, akatazama mabomba mazito, akatazama zile silinda ambazo mtu mzima angeweza kujificha ndani yake. Alitazama kwa muda mrefu sana. Kila alipovuta pumzi Josia alidhani sasa anasema.

"Haya," akasema mwishowe. "Iwashe nisikie."

"Ah, Ta Rugaibula," Kagaruki akaruka, "bahati mbaya ya leo, unajua mashine kubwa kama hizi, iko kwenye..."

"Haiwaki," Josia akasema.

Sauti ilimtoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. Kagaruki akamkanyaga mguu. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, na Josia akayaingia mzima mzima.

"Baba, haiwaki. Iliacha kufanya kazi kabla sijazaliwa. Maji ya mji yanatoka kwa pampu za umeme ambazo mimi sizijui hata mlango. Mimi ni mtunzaji tu wa hii. Siku ile nyumbani kwako nilisikia linalosemwa si kweli, nikanyamaza. Mzee Kagaruki alinipenda kupita kiasi. Kosa ni langu."

Joanitha akapiga makofi mara moja, taratibu. "Kaka, umeona? Tumesafiri kutoka Kishanda kuja kuangalia maiti. Na huyu ndiye mlinzi wa kaburi."

Kagaruki aligundua kwamba dirisha linahitaji kutazamwa, akaenda kulitazama. Ta Rugaibula alianza kuizunguka mashine, polepole, fimbo ikigonga sakafu, akapotea upande wa pili ambako Josia hakumwona. Nani amewahi kusubiri hukumu huku jaji amejificha nyuma ya gurudumu? Josia alisikiliza ile fimbo. Alishampoteza Alistidia, alikuwa na uhakika, na alianza kuwaza atamwambiaje, na kama simu ile itapokelewa.

Mzee akatokea upande mwingine.

"Kama haifanyi kazi," akasema, "wewe unafanya nini hapa kutwa?"

"Ninaifuta, baba. Ninaitia oili. Na kila asubuhi ninaigeuza."

"Unaigeuza."

"Kidogo tu. Ikilala upande mmoja muda mrefu, uzito wake wenyewe unaiumiza. Vyuma vinashikana, kutu inaingia mahali usipopaona. Ukija kushtuka, imeshaharibika."

Joanitha, aliyekuwa amefungua mdomo kuongeza neno, akaufunga. Alimtazama kaka yake.

"Nionyeshe," Ta Rugaibula akasema.

Josia akachukua mtaimbo. Chuma kikagonga chuma mara mbili kabla hajaliona tundu kwenye ukingo wa gurudumu. Akauchomeka. Halafu, kama alivyozoea kila siku akiwa peke yake, aliweka kiganja kwenye chuma kwanza, akakiacha hapo kidogo, ndipo akaegemea mtaimbo kwa bega. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha gurudumu likakubali. Lilisogea kiasi cha upana wa mkono, na huko juu ile mikono mikubwa ya chuma nayo ikasogea, bila kelele, ikatoa harufu ya oili, ikatulia.

"Mbona umeishika kwanza?" mzee akauliza.

Josia akaona haya. "Sijui, baba. Naona si vizuri kuishtua."

"Na siku usipoigeuza, nani atakufukuza?"

"Hakuna. Hakuna atakayejua."

Ta Rugaibula aliukabidhi mfuko wa dawa kwa dada yake. Akaegemeza fimbo kwenye nguzo. Josia alimwona akitazama mikono yake mwenyewe, viganja vya mzee wa shamba vilivyochubuka kwenye vifundo, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi mzee huyu alivyochoka, uchovu ambao koti na kanzu vilikuwa vinauficha.

"Sisi tunamgeuza asubuhi, mchana na jioni," mzee akasema. "Mimi namshika mabega, Alistidia anashika miguu. Daktari alituambia tusipofanya hivyo atapata vidonda, na vidonda ndivyo vitakavyomuua. Wanaokuja kumsalimu wanauliza, anasema? Anakwenda? Nikiwaambia hapana, wananionea huruma, wanatazama mlango. Wachumba wawili walimkimbia mwanangu kwa sababu hiyo. Walimwona mama yake, hawakurudi."

Josia hakuwa amelijua hilo. Alistidia hakumwambia. Akashindwa kujibu, na safari hii hakuna aliyemhesabia kimya chake kuwa uongo.

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kimkoba kidogo cha ukindu, akakifungua kwa vidole vizito. Harufu ya kamwani ikatoka. Akamimina chache kwenye kiganja, akazinyoosha kwa Josia.

"Kaka, sisi ndio wageni," Joanitha akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepoa. "Mgeni hampi mwenyeji."

"Najua nani mgeni," Ta Rugaibula akajibu. "Pokea, kijana."

Josia akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili, na grisi yote ile. Akatia moja mdomoni. Ilikuwa chungu kama zinavyokuwa zote, na alitafuna polepole kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka shangazi ayaone. Kule dirishani Kagaruki aligeuka, akakohoa, akaanza kurudi huku akiuweka ulimi wake tayari kwa hotuba. Joanitha akamwonyesha kidole akae palepale.

"Mgongo wangu hauwezi tena upande wa mabega," Ta Rugaibula alisema, akichukua fimbo yake. "Jumapili ukitoka kwenye ibada yenu, njoo. Nitakuelekeza pa kumshika. Ila umshike kwanza, kama ulivyofanya hapa. Naye hapendi kushtuliwa."

Wageni walipoondoka, Josia alipiga simu Kishanda. Iliita muda mrefu.

"Niambie haraka," Alistidia akasema, na pumzi zilikuwa juu juu. "Amesemaje? Hapana, subiri. Niko peke yangu, namgeuza mama."

"Usikate," Josia akasema. "Iweke hapo pembeni. Nasubiri."