Magimbi ya Bwawa la Biva

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, nilipofika bustanini kwetu hapa ugenini, Hilliard, nikakuta mchicha wangu unaelea. Mimi bado si mzee, lakini siku ile nilipata somo, na nataka ulibebe wewe.

Kijito cha pembeni kilikuwa kimezibwa kwa ukuta wa miti na tope. Waliokiziba ni biva, wanyama wa majini wenye meno ya kukata miti na mkia bapa kama mwiko. Zamani waliwindwa hapa kwa ajili ya manyoya yao mpaka wakaisha. Chama kimoja cha mazingira kikawarudisha, dume na jike, bila kutuuliza sisi tunaolima pale. Hasira yangu ilikuwa ya haki, na mpaka leo sijaifuta.

Kijana wa chama akaja na mabuti yake. Nikakwambia, "Mwambie awatoe wanyama wake leo leo. Watoto wangu hawali miti." Wewe ukamwambia kwa Kiingereza kwamba mama ana wasiwasi kidogo. Wasiwasi! Kidogo! Unadhani sisikii?

Kijana akasema anaweza kuwatega, ila hana pengine pa kuwapeleka, kwa hiyo watauawa. "Basi wauawe," nikasema. Baba yako naye akashika jembe akabomoe ule ukuta.

Ndipo bibi yako, mama mkwe wangu, alipovua viatu. Akaingia kwenye tope mpaka magotini, akalikanyaga-kanyaga, akacheka.

"Mama Neema, unalilia nini? Kwetu Burundi watu walipelekana mahakamani kwa ajili ya bonde bichi kama hili."

"Mama, mchicha umekufa."

"Ufe! Leta magimbi. Ardhi hii ilikuwa kavu, ndiyo maana tunayanunua dukani yamesinyaa. Na hawa maskini wameletwa hapa kama sisi. Waache."

"Usinifananishe na panya, Mama."

"Panya anajenga ukuta? Mwanangu huyu hata kitasa cha mlango hajatengeneza."

Baba yako akaweka jembe chini.

Nikamwambia kijana asubiri mpaka mavuno, na magimbi yakikataa, alete mitego. Tukainua matuta marefu kama ya mabondeni kwao bibi yako, tukapanda. Nililala na hofu: yakioza, hatuna mboga, na wanyama wale wamekwisha. "Na wakiyala?" nikamuuliza bibi yako. "Yatawawasha midomo," akajibu, akaendelea kupalilia.

Joto la Agosti likakausha bustani za wenzetu kule juu. Yetu ikatoa majani mapana kuliko mwavuli wako. Nilipong'oa shina la kwanza nikaona magimbi yamejazana, nilijikuta nimekaa kwenye tope. Kijana tulimpa ya kuchemsha. Mitego ilibaki garini kwake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikosewa, kasirika, tena sema kwa sauti, na usinitafsiri tena kwa upole. Lakini kabla hujabomoa kitu, vua viatu uingie, ujue chini pakoje. Na kama yupo mzee aliyewahi kulima mahali kama hapo, mwite yeye kabla ya mwenye mitego.

Mungu akupe ardhi yenye unyevu na sauti isiyotetemeka. Na siku ukiolewa, akupe mama mkwe wa kukucheka usoni. Amina.