Sura Yangu Kwenye Tovuti ya Mikeka

Nina miaka sabini na tisa, nimewazika madaktari wawili walionikatia tamaa, lakini leo hapa Kipungani nimetamani nti inimeze.

Fundi wa tovuti yetu ya mikeka alitaka kuweka picha ya mke wangu, Bi Zuhura, akisuka.

Nikamkatalia. "Weka mimi! Andika msusi hodari wa Kipungani."

Basi ikawekwa sura yangu, kubwa kama sinia.

Leo kaja bibi mwenye nyumba ya wageni. Ataka mikeka ya vyumba vyote.

"Bwana msusi, hebu nisukie kidogo nione."

Jamani! Wanaume wa hapa hatusuki, na mimi sijasuka hata kawa la kufunikia chakula.

Nikashika miyaa, zile chane za kusukia, kwa kiburi, ikanitawanyika mapajani.

Wanawake waliokuwa wakisuka barazani wakainua macho. Afadhali wangecheka.

Bi Zuhura akaiokota, akasuka bila kunitazama.

Mgeni akaniuliza, "Na jina lake mbona halimo kwenye tovuti?"

Nikainuka, nikampisha Bi Zuhura mahali pangu.

Kazi kapewa yeye. Fundi nimemwambia anitoe leo leo.

Nichekeni, nimestahili. Asiyeamini na amuulize Bi Zuhura, msusi wa Kipungani.