Mlango Uliokuwa Chini ya Lava

Kwetu tuliingia nyumbani kupitia dirishani, na sikuona ajabu yoyote. Lava ya volkano iliposhuka Goma ilimeza ghorofa ya chini yote, ikapoa, na barabara mpya ikapita juu yake. Dirisha la juu likawa mlango. Ni nyumba ya mawe ya zamani, babu yetu aliinunua alipotoka Maniema na biashara yake, na mji uliiweka kwenye orodha ya majengo ya kale yasiyobomolewa.

Basi kaka yangu, anayepitisha bidhaa mpakani Bunagana, akataka kubomoa. Alitaka etaji, ghorofa juu ya ghorofa, za vioo vya buluu, maana siku hizi Goma kila mtu anataka kukaa ndani ya kioo. Mama, anayeishi humo, akasema atatoka akiwa amebebwa. Akaja ofisa wa majengo ya kale, akazunguka, akatikisa kichwa.

"Mama, fasadi, uso wa nyumba, iko wapi? Nyumba haina mulango. Nusu yake haiko. Nitailinda namna gani?"

"Iko," Mama akajibu. "Iko chini. Munasimama juu yake."

Ofisa akacheka, lakini akakubali kurudi kuitazama tena kabla ya kuifuta kwenye orodha. Kaka akaanza kuongea na mafundi wake, nami nikamchukia waziwazi. Nikaita wavunja mawe, wale wanaopasua lava kwa nyundo kila pembe ya mji huu. Usingizi ulinipaa. Je, tukikuta kifusi tu? Nitamwambia nini Mama?

Wakachimba taratibu kwenda chini mbele ya ukuta, mpaka nyundo ikagonga jiwe lililochongwa: kilele cha tao. Mbao za mlango ziliungua zamani, lakini tao lilikuwa zima, jeusi kwa moshi, na chini yake kizingiti kilicholika katikati kwa miguu ya watu. Kaka alikuja kutucheka. Akakiona kizingiti alichokuwa akikalia utotoni kumngoja baba. Akavua koti, akashika sururu, akaingia kuondoa mawe ukumbini.

Ofisa aliporudi alipapasa tao kwa kiganja. "Hii haibomolewi," akasema. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Mama akashuka polepole, mkono ukutani. Alipofika kizingitini akasimama, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, akabisha:

"Hodi."

Kutoka ndani, kwenye vumbi, kaka yangu akaitikia:

"Karibu, mama. Ingia kwako."