Chambo cha Rangi ya Komamanga

Mie nna kumbukumbu ya majina. Majirani wote wa mtaa wa kwanza tuliokaa tulipofika Maskati nnawakumbuka, wao na watoto wao, na paka wa mmoja wao aliyekuwa akija kula kwetu. Wanangu hunipigia simu kuniuliza fulani aliolewa na nani, nikawajibu papo hapo huku nnakoroga chungu. Lakini humu sitaandika jina la mtu, maana wengi wako hai na sijawaomba ruhusa. Majina nitakayoyaandika ni ya chambo tu, nayo hayana wa kuyalalamikia.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa Ijumaa. Riziki yake aliitafuta ofisini, kwenye mafaili, mpaka akastaafu. Ila Ijumaa akishasali alfajiri hutia fimbo yake ya kuvulia garini, akatoka hapa Mabela mpaka Qurum, akasimama kwenye majabali, na kabla ya saa nne keshapiga hodi, aoge, ende msikitini. Hakutaka chambo cha dagaa wala cha ngisi. Yeye alikuwa na visamaki vya mpira, laini kama ulimi, vina mikia ya kutikisika, unavichomeka ndoana tumboni. Mie vikinitia kinyaa, vinanuka mafuta mafuta. Yeye alivitunza kama dhahabu. Kila rangi ina kifuko chake, haichanganyiki na mwenzake, na kila kifuko alikipa jina, na majina yote kayatoa jikoni kwangu. Kulikuwa na bizari, komamanga, zafarani, mchicha, ukwaju na mtindi. Akirudi hunambia leo kolekole wamekataa mtindi, wametaka bizari. Ungemsikia ungedhani ametoka kupika.

Na siku nyingine wamekataa vyote. Hapo ndipo penye kosa langu la zamani, na nalieleza kwa sababu lilikuja kunidhuru. Akirudi mikono mitupu, na majirani wanajua kwamba leo ni Ijumaa yake, mie nilikuwa nikimtuma mwanetu sokoni anunue samaki, nikawakata, nikawapelekea majirani vipande kwenye sahani, nikisema bwana amevua. Yeye alijua. Hakusema kitu miaka yote ile, ila wakimsifu msikitini hurudi akanitazama, akatikisa kichwa.

Mwaka juzi macho yake yakaanza. Sukari anayo siku nyingi, na ndiyo iliyomwingia machoni. Daktari wa kike, kijana, alimweleza kwa Kiarabu, na yeye akanieleza tukiwa garini: kilichopotea hakitarudi, watajaribu kukishika kilichobaki. Akaacha kuendesha. Kwa hivyo akaacha na majabali, maana huku bila ya gari hufiki popote. Sanduku la chambo akaliweka chini, pembeni ya kiti chake cha sebuleni.

Kila asubuhi akishakunywa chai alikuwa akilifungua. Anatoa kifuko kimoja, anakitazama, anakirudisha. Anatoa kingine. Mie nilidhani anatamani bahari. Sikumuuliza. Nafikiri niliogopa ataniambia ndiyo, nami sijui kuendesha gari wala sijui njia ya kumfikisha. Mwanetu wa mwisho, binti, aliona hali ile, akamwahidi baba yake kwamba baada ya Idi atamchukua mwenyewe Ijumaa moja, amsimamie palepale pake. Mzee alifurahi. Alimwambia akipoteza ndoana hata moja atarudi kwa miguu.

Sasa Shaabani ikafika, na sisi Shaabani ni mwezi wa kuosha nyumba. Mapazia yanashuka, makabati yanasogezwa, hata kisichokuwa na uchafu kinaoshwa. Mume wangu akachukuliwa na ndugu zake kwenda kuhani msiba Nizwa, siku tatu. Nikasema hapa ndipo. Mie na msichana anayenisaidia kazi, ametoka Uganda, tukavivuta vitu vya sebule nzima. Lile sanduku nikalifungua, na vile vifuko vilikuwa vimeshika magamba ya samaki na chumvi kavu. Nikaona haya. Nikavitupa vifuko vyote, nikavimimina visamaki ndani ya beseni, nikavifua kwa sabuni.

Maji yakatoka na rangi kidogo. Basi nikafanya ninavyojua. Kanga mpya ukiinunua huifui hivi hivi, unairoweka kwanza kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike, isichuje ikaharibu nguo nyingine. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, na ndivyo nilivyowafundisha wanangu. Nikavitia visamaki kwenye maji ya chumvi, nikaviacha mpaka asubuhi. Yule msichana akachungulia beseni, akaniuliza, "Mama, hii tunapika?"

Asubuhi nikavianika kwenye sinia juu ya dari, pale tunapoanikia nguo, jua la Maskati unalijua, siku mbili. Halafu nikavipanga vyote pamoja ndani ya boksi kubwa la halua, lile la plastiki lenye kifuniko cha kuonesha, kwa sababu nilikuwa nimeliosha na sikutaka kulitupa. Nikaliweka dirishani, mwanga ulipo, ili akikaa kitini azione rangi zake bila ya kuinama. Nilijipongeza, nasema kweli. Nilikuwa nikipita pale kila mara nikilitazama.

Alirudi kutoka Nizwa na mafua, wiki nzima yuko kitandani. Sikumwambia, nilitaka aone mwenyewe. Siku aliyopata nguvu akakaa kitini pake, akaniuliza sanduku liko wapi, nikamwonesha dirishani, nikenda kusimama mlangoni mwa jiko ningojee shukrani zangu.

Akatoa kimoja. Akakisogeza kwenye kioo, akakisogeza jichoni. Akakirudisha. Akatoa cha pili, hakukitazama sana. Cha tatu hakukitoa. Akafunga boksi, akasema kwamba vimekuwa visafi, ahsante, na nimfungulie redio.

Siku tatu hakuligusa. Chai ikawa inapoa. Binti yetu alipokuja akamkumbusha ile Ijumaa ya baada ya Idi, baba yake akamwambia asijisumbue, jua limekuwa kali. Jua la hapa lini halikuwa kali? Nikajua kuna jambo. Nikavuta stuli nikakaa mbele yake, nikamwambia sitoki.

"Rangi zimekwisha, bibi," akanambia.

Nikadhani anasema vile visamaki. Akanieleza polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kumbe kila asubuhi alikuwa akijipima navyo. Akiiona bizari na komamanga kila moja mbalimbali, anamshukuru Mungu, ameipata siku nyingine. Tangu arudi kutoka Nizwa anaona zote ni moja, rangi ya maji yaliyooshewa wali. Kwa hivyo macho yamekwenda. Hakutaka kutuambia kabla ya Ramadhani.

Mie nikainuka nikalifungua lile boksi, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilipolitazama sawasawa. Bizari imeshikana na mchicha. Mtindi umekuwa wa waridi. Komamanga imepauka kama fizi za mgonjwa. Zimechuja zote, zimeambukizana, nyingine zinanata. Jua, na chumvi yangu, na kuzirundika pamoja. Nikacheka kwa sauti, Mungu anisamehe. Nilifurahi. Nikamwambia ni mimi, bwana, si macho yako, ni mimi niliyeziharibu, na nikamhadithia yote, beseni, chumvi, sinia, dari.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanishika mkono, akaupigapiga.

"Na wale samaki uliokuwa ukiwagawia majirani," akasema, "nao nilikuwa nikiwavua mimi?"

Nikaapa. Nikamwita yule msichana ashuhudie, akashuhudia, maskini, kwamba kweli Mama alivitia chumvi na yeye aliuliza kama tunapika. Mume wangu akasema na huyu nimeshamfundisha uongo. Sikuwahi kusema kweli nikiwa na haja ya kuaminiwa kama siku ile, na ndiyo siku niliyokosa wa kuniamini.

Nikaona njia imebaki moja. Jumamosi nikamwambia binti yangu anipeleke Sib, liko duka la vitu vya uvuvi karibu na soko la samaki. Kwenye mkoba nilichukua ile komamanga iliyopauka, nikaona mbele ya muuzaji kwamba haina maana, utamwoneshaje mtu rangi iliyokwisha? Muuzaji ni Mhindi wa siku nyingi hapa, Kiarabu chake cha dukani kama changu cha zamani. Nikamwambia nataka rangi ya rummani, ndiyo komamanga kwao. Hakunishangaa hata kidogo. Akashusha pakiti moja kutoka juu, na ndani yake ndiyo yenyewe, nyekundu ya punje za komamanga ukiligawa sasa hivi.

Garini nikamuuliza binti yangu hii rangi gani. Akanambia nyekundu, Mama, una nini? Nyumbani nikamuuliza yule msichana. "Nyekundu," akasema. "Kwani wewe unaionaje?" Nikamwambia naona hivyo hivyo. Nikatia udhu kabla ya kwenda kumpa, sijui kwa nini.

Nikaikata pakiti mbele yake, asikie plastiki ikichanika, ajue ni mpya. Nikamtilia kimoja kiganjani. Akasogea dirishani. Mie nakiona kile, kimelala kwenye kiganja chake cheupe, chekundu kama tone la damu, wala huhitaji macho mazuri kukiona. Akakigeuza. Akakisogeza karibu mpaka kikamgusa nyusi. Akakaa nacho hivyo muda ambao niliweza kusikia friji ya jikoni ikiwaka na kuzima.

Halafu akaniuliza, kwa upole sana, "Na hiki nacho ushakitia chumvi?"

Nimekaa na mtu huyu zaidi ya miaka hamsini, na kila alipopungukiwa nilikuwa na kisahani cha kumfunikia. Sasa ananiomba udhuru ule ule wa chumvi niliompa akaukataa. Nikisema ndiyo, ni uongo, na ataupokea. Nikisema hapana, nitakuwa nimemwambia mimi, kwa mdomo wangu, jambo ambalo daktari yule kijana hakuthubutu kulisema lote.

"Nimekitia," nikasema. "Nilisahau."

"Huachi," akasema, na akatabasamu kidogo. "Basi nenda kaniletee kisichotiwa."

Kwa hivyo Jumamosi iliyofuata nikarudi Sib. Binti yangu alikuwa keshajua. Nadhani baba yake kamwambia, au kaona mwenyewe. Alikuwa akiendesha kwa mikono miwili, na yeye huendesha kwa mmoja. Dukani muuzaji alinikumbuka. Nikamwambia ile rummani sikuipenda, nataka nyekundu kuliko ile. Akanitazama, akashusha pakiti zote nyekundu alizonazo, akazipanga juu ya meza, na zote zilikuwa nyekundu, na nyekundu kuliko zote ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita. Akaweka kidole juu yake. Akanambia, mama, hii ndiyo mwisho, zaidi ya hii hakuna.

Nikamwambia najua. Nikaichukua hiyo hiyo.

Tukarudi garini. Binti yangu akawasha injini, akawasha na hewa baridi, akaniuliza twende nyumbani? Nikamwambia angoje kidogo. Mume wangu alikuwa akitungojea nyumbani kitini pake, mgongo kaupa mlango, uso kaupa dirisha, na mie sijui nitaingia nikimwambia nini. Pakiti ilikuwa mapajani mwangu, na jua lilikuwa likiipiga kupitia kioo cha mbele. Nikavuta pembe ya abaya yangu nikaifunika, isije ikachuja.