Sambusa za Mvuke Kabla ya Alhamisi

Jumapili hiyo zilikuwa zimebaki siku nne eda ya mke wangu iishe. Nilikuwa nimempa talaka moja, na talaka moja huacha mlango wazi: ndani ya miezi mitatu mume akisema "nimekurejea", ndoa inaendelea pale ilipokuwa, bila mahari mpya wala shehe. Lakini lazima aseme. Sisi tuliosoma chuoni Tanga kwa fikihi ya Kishafi tunajua kwamba kumpeleka mwanamke kula, kumnunulia kanga au kumtazama kwa huzuni hakumrejeshi. Ni maneno tu. Na mimi ninaishi kwa maneno. Kwa miaka ishirini nimekuwa Johannesburg nikiandika makala, baadhi yake zikiwa na maana.

Talaka aliiomba mwenyewe, jikoni, kwa upole, nami nikampa kama mtu aliyeombwa chumvi. Sababu naijua. Mdogo wake alipofariki Tanga, nilimletea chai, nikamwambia pole, kisha nikarudi mezani kumalizia makala kuhusu namna Waswahili wanavyofarijiana msibani. Makala ilisifiwa. Alihamia kwa binamu yake, mshonaji wa Troyeville, na eda ikiisha angerudi Tanga kwa mama yake. Asingerudi tena huku.

Nilimpigia Ijumaa nikamwambia twende kwa Wachina, Cyrildene. Tulikuwa tukienda pale tangu tulipokuwa tukikaa Bezuidenhout Valley, karibu kiasi cha kwenda kwa miguu. Nilimwambia nimetamani zile sambusa za mvuke, jina tulilokipa chakula kile sisi wenyewe: vifuko vidogo vya unga mweupe vyenye kamba ndani, vinavyoletwa vinne vinne katika vikapu vya mianzi. Sababu ya kweli ni kwamba Bellevue, mtaa wetu, nzima inatujua. Watu wa kwetu wangetuona tumekaa meza moja pale jirani, Yeoville, habari za kurejeana zingefika Tanga kabla wali haujapoa, na mimi nilitaka kuzifikisha mwenyewe. Kwa Wachina hakuna Mtanga anayekanyaga, anaogopa nguruwe.

Nilimpitia na gari. Njiani niliirudia sentensi kichwani: nimekurejea katika nikahi yangu. Kwenye kila roboti nyekundu, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, niliirudia. Sikuhisi kitu. Nilijisikia kama ninayekariri namba ya simu ya fundi bomba.

Mkahawa ulijaa. Meza za duara, bibi wa Kichina na wajukuu zao, kelele za vikombe. Mama mwenye mkahawa, ambaye kwa miaka yote alituhudumia yeye mwenyewe, alikuwa safarini. Akatujia mwanamke wa makamo, mgeni pale, mwenye lafudhi ya Kizulu na kalamu sikioni. Mke wangu akaweka alama kwenye karatasi ya vyakula bila kusoma, kama anavyofanya siku zote: kamba, kamba, mboga, wali.

Chai ya asumini ilikuja. Alimimina kwangu kwanza.

"Umekonda, Profesa," akasema. Sijawahi kuwa profesa. Ni jina la kejeli walilonipa wenye maduka wa Bellevue, naye hulitumia anapokuwa na hasira, au anapokuwa hana.

"Napika mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Tukala vikapu viwili. Aliniambia binamu yake amepata kazi ya kushona sare za kwaya ya Wakongo, mashati arobaini, na kila mwanakwaya anataka la kwake libane zaidi. Nikacheka mahali panapostahili. Nilikuwa nimejiambia nitasema baada ya kikapu cha kwanza. Baada ya cha pili nilijiambia baada ya chai.

Yule mhudumu akapita, mke wangu akaomba kikapu kingine. Kisha, kwa mazoea tu, akauliza swali ambalo kwa miaka alikuwa akimuuliza mama mwenye mkahawa, naye akijibu kwa kuonyesha picha ya kamba ukutani: "Hizi hazina nguruwe, siyo?"

"Eish, mama," yule mwanamke akasema. "Nyama hakuna. Kuna mafuta yake tu, kidogo, ili kamba wawe laini. Hamkuwa mnajua?"

Mke wangu akaweka vijiti chini. Akanitazama. Akatazama vikapu vitupu. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mabega, halafu akashika ukingo wa meza.

"Miaka kumi na mmoja!" akasema. "Profesa! Miaka kumi na mmoja tunakula nguruwe kwa bismillahi! Na siku ya Idi ulinileta hapa!"

Mhudumu akaanza kuomba radhi, mke wangu akamshika mkono. "Usijali, dada, wewe ndiye mkweli pekee katika mkahawa huu. Hata huyu bwana nikimhesabu." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona hivyo. Kabla ya msiba wa mdogo wake, bila shaka. Alikuwa ameinama kuelekea kwangu, mdomo wazi bado, akinisubiri nicheke naye.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Hata mimi niliiona. Nikafungua mdomo, na sentensi iliyotoka ni hii:

"Kwa hakika, aliyekula haramu bila kujua hana dhambi, mradi aache mara anapojua. Wanazuoni wamekubaliana juu ya hilo."

Nikaendelea. Nilieleza tofauti ya aliyesahau na asiyejua. Nadhani niligusia pia suala la kulazimishwa na njaa. Nilijisikia nikizungumza vizuri, kwa mpangilio, na nilikuwa nimefika kwenye hoja ya tatu nilipoona kwamba amekaa wima na anafunga mtandio.

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

"Basi."

Mhudumu alisimama na kikapu cha tatu kinachofuka mvuke, hajui akiweke wapi. Mke wangu akamwambia akirudishe, samahani, tumeshiba. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, "Una lingine la kusema? Kama unalo, liseme hapa, nimekaa."

Nilimtazama. Nilijua sentensi yote, na kila neno lake. Nikatafuta ndani yangu mahali pa kuisukumia, sikupata. Nikasema kwamba msongamano ungeanza na afadhali nimwahishe Troyeville.

"Haya," akasema. "Niwahishe."

Njia nzima hatukuzungumza, ila aliponikumbusha kwamba taa ya kushoto ya gari haiwaki. Nikasema nitaishughulikia. Nimeandika kurasa nyingi katika maisha yangu kuhusu ukimya wa wanaume wa pwani, na heshima iliyomo ndani yake. Naomba wasomaji wangu wanisamehe.

Jumatatu nilimenya viazi. Jumanne nilirekebisha makala ya mtu. Jumatano nilishika simu mara mbili, mara ya pili nikaitumia kuangalia hali ya hewa ya Tanga. Mvua.

Alhamisi, magharibi ilipoingia, alinipigia yeye. Kwa kawaida mwanamke ndiye anayetangaza kwamba eda imeisha, na neno lake ndilo linalokubaliwa.

"Nimetoka edani," akasema.

Nikasema sawa, asante kwa kunijulisha, kwa sauti ninayomjibia mtu wa kusoma mita ya maji.

Akakaa kimya. Nikadhani mtandao umekatika, nikaiondoa simu sikioni, nikaitazama, nikairudisha.

"Haloo?" nikasema. "Haloo? Haloo?"

"Nipo," akasema. Kisha akakata.