Herufi za Mnazi wa Kisimani

Miaka ile maduka ya Temeke yalipoanza kujaa mafuta ya kupikia ya kutoka nje, mie bado nilikuwa napikia nazi zangu mwenyewe. Shamba lilikuwa Kimbiji, nimeachiwa na mama. Kisha ugonjwa ukaingia: vidaka, nazi zikiwa bado changa, vikapukutika, makuti yakageuka manjano, vilele vikaanguka, minazi ikabaki nguzo. Ilipona mitano tu, na mmojawapo ni ule wa kando ya kisima, mnazi wa kisimani.

Mbegu nachagua kama alivyochagua mama. Nazi naitikisa sikioni. Maji yakicheza vizuri, nailaza kivulini mpaka iote. Nilikuwa na miche ishirini, kutoka minazi yote mitano.

Binti yangu wa mwisho alikuwa msaidizi kwenye maabara ya mimea Mikocheni. Akaja na keekee, akatoboa shina la mnazi wa kisimani, akaondoka na unga wake kwenye kichupa. Baada ya miezi akarudi na karatasi ndefu, herufi nne tu zinajirudia mwanzo mpaka mwisho.

"Haya ndiyo maumbile ya mnazi wako, mama, chembe zake za urithi. Tumeyatuma kwa kompyuta mpaka Ulaya. Mashine ya huko inalinganisha na mimea mingine, inabashiri kila kipande kina kazi gani."

"Hiyo mashine imeuona mnazi?"

"Imeona herufi."

"Ugonjwa je, imeuona?"

"Mama nawe. Tazama hapa." Alikuwa amepazungushia wino mwekundu. "Kipande hiki kinafanana na cha mmea usioshikwa na magonjwa. Ndicho cha kwanza kwenye orodha ya mashine."

Mie kisomo changu ni cha watu wazima. Yeye nilimsomesha kwa nazi hizo hizo. Nisipomwamini yeye nimwamini nani? Nikang'oa miche yangu yote ya ile minazi minne mingine, nikawapa mbuzi. Shamba zima nikapanda watoto wa mnazi wa kisimani.

Mwaka wa nne, minazi hiyo imeshanipita kimo, ikaanza kuwa manjano. Mama yao alitangulia kufa.

Binti akaja. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akagusa kuti la manjano. "Mashine ilisema kinafanana. Haikusema ndicho."

"Wino mwekundu ulikuwa wa nani?"

"Wangu. Ilitakiwa tupande michache kwanza, tungoje tuone."

"Hilo la kungoja ungekuja nalo siku ile, pamoja na keekee lako."

Akainama. Halafu, kwa sauti ndogo, akasema mkubwa wake wa maabara anaomba unga wa hii inayokufa, wajue walikosea wapi. Nikamwambia atoboe. Shina lilikuwa jembamba, likawa linayumba. Nikalishika mie mwenyewe.

Majirani wanailaumu kompyuta. Mie najua mikono iliyong'oa miche ile ni ipi.

Ile minazi minne imezeeka, haizai tena; siku hizi wali wangu ni wa mafuta ya dukani. Binti akija anakula, anamaliza sahani, wala simuulizi kama una ladha.