Zuhura Kwenye Kona ya Kushoto

Usiku ule nililala na kelele za bucha nzima masikioni. Nilikuwa nimetoka kwa Kimani, yule mwenye bucha karibu na uwanja wa mbio za farasi, mahali ambapo mashabiki wa Nairobi hukutana wakila nyama na kuwahukumu farasi. Tangu Zuhura arudi kutoka Ghuba, kule Uarabuni, kesi ilikuwa yake kila siku. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyempanda kule, kesi ilikuwa yangu pia.

Hapa nyumbani Zuhura alikuwa hajaguswa. Misimu miwili mfululizo farasi wengine waliona mkia wake tu. Ndipo akapakiwa kwenye ndege, nami nyuma yake, tukaenda kukimbia ng'ambo, juu ya mchanga badala ya majani, chini ya mataa badala ya jua, kwenye uwanja unaozunguka kushoto ilhali wetu huzunguka kulia. Mpaka kona ya mwisho alikuwa wa tatu na anapanda. Kwenye ile kona nikahisi mguu wake wa mbele wa kushoto umezama kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akadhani imebaki moja, kumbe zimekwisha. Nikainuka kwenye tandiko, nikamshika hatamu. Alimaliza wa mwisho.

Daktari wa kule alimtazama, hakuona kitu. Daktari wa huku naye alimtazama akikimbizwa polepole kwenye majani, hakuona kitu. Basi ikabaki midomo.

"Mimi sisemi kitu," Kimani alikuwa ameanza jioni ile, kisu mkononi, "lakini hiyo farasi haikuchoka. Hiyo farasi ilishikwa."

"Ni mchanga, bwana!" akasema Mzee Otieno, karani mstaafu asiyekosa mbio hata kukinyesha. "Wewe umezoea ugali, mtu akupatie mkate kavu, utakimbia?"

"Na mataa je? Farasi ya mchana unaipeleka usiku, si itashtuka?" akadakia mwingine.

"Mataa ilishtua nani," Kimani akauliza, "Zuhura ama Mutua?"

Wakacheka. Mutua ni mimi. Niliacha nyama yangu ikiwa bado ya moto nikaondoka, na nyama ya Kimani si kitu cha kuachwa hivihivi.

Lakini kilichoninyima raha hakikuwa kicheko chao. Mchana Mama Nyokabi, mwenye farasi, alikuwa amenipigia simu. Mwaliko wa Ghuba ulikuwa umekuja tena. "Mutua, kesho asubuhi nataka jibu. Utampanda ama nitafute mwingine?" Watu wa kule walikuwa wameahidi kwamba Zuhura akikimbia vizuri safari hii, wataniajiri katika mabanda yao, na mke wangu Ndinda alikuwa ameshaanza kuulizia shule nzuri za watoto. Ningekubali papo hapo. Tatizo ni kwamba sikujua tena nilichohisi. Kila nilipokumbuka ile kona, ule mguu ulikuwa umezama pungufu ya nilivyokumbuka jana yake. Huenda haukuzama kabisa. Huenda ni moyo wangu uliozama, na Kimani alikuwa anasema kweli. Nikageuka ubavu huu, nikageuka ule, mpaka Ndinda akanivuta blanketi akaniambia nitulie.

Sijui nilitulia saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimekaa jukwaani, pale uwanjani kwetu, mchana mweupe usio na joto. Jukwaa limejaa. Watu wanabishana, na nilipotega sikio nikasikia jina: Zuhura. Nikaudhika. Nikageuka niwaambie waniache walau Jumapili moja, nikaona uso wa bibi mmoja aliyekuwa akishangilia farasi weupe tu, hata wakiwa wa mwisho. Huyo tulimzika. Pembeni yake yuko mzee mkata tiketi wa lango la mashariki. Huyo naye tulimzika. Nikatazama safu kwa safu, na hakuna hata mmoja niliyemkuta aliye hai.

"Ni mchanga," anasema mkata tiketi.

"Si mchanga, ni mataa," anasema bibi.

Sikuogopa. Nilichukia. Nilisema moyoni, hata huku? Hata wafu wameshindwa kuimaliza hii kesi?

Ndipo nikamwona Mwalimu Galgalo. Amesimama chini kabisa, kwenye uzio, amenipa mgongo, amevaa koti lake la kaki lenye kiraka kiwikoni. Huyu ndiye aliyenifundisha kupanda farasi. Alikuja Nairobi kutoka Marsabit akiwa kijana, akaangukiwa na farasi mguu ukavunjika, na tangu hapo akawa anachechemea, lakini hakuacha mabanda mpaka alipofariki mwaka juzi. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba yangu, na sioni haya kusema hivyo. Katika umati ule wote yeye peke yake alikuwa kimya.

Nikamwita. Sauti haikutoka. Nikaanza kushuka ngazi za jukwaa kumfuata, na ngazi zikawa za ndege. Tumo ndani ya ndege, Zuhura amefungwa ndani ya sanduku lake la mbao, masikio yamelala nyuma, na wale mashabiki wafu wamemzunguka na sahani za nyama mapajani, bado wanabishana. Bibi ananyoosha kidole kwenye pua ya mkata tiketi. Ndege inatikisika. Naomba wanyamaze, farasi anaogopa, wao hawanisikii.

Kisha mataa yanawaka. Niko juu ya Zuhura, kwenye mchanga, kona ya mwisho inakuja upande wa kushoto. Nasikia pumzi yake. Tunaingia. Mguu unazama. Nainuka, nashika hatamu, na uwanja mzima unanyamaza kunitazama.

Mbele yetu kuna kona nyingine. Ni ileile. Tunaingia tena. Safari hii nasema nitasikiliza vizuri, nitajua hakika. Mguu unazama, lakini kidogo tu, sina uhakika. Nashika hatamu. Mbele kuna kona tena. Natega mikono, natega mapaja, natega mwili mzima, na mguu haujazama hata chembe. Zuhura anakimbia sawasawa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilitaka kulia juu ya farasi. Kama mguu ule haukuzama, basi nilimvunjia bingwa jina mbele ya dunia kwa woga wangu, na miguu yake ilikuwa mizima. Na kona inakuja tena.

Mkono ukazikamata hatamu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata siku yenyewe. Pale kwenye mstari wa mwisho watunzaji wa kule walimpokea Zuhura na mablanketi yao mazuri, mimi nikapelekwa upande mwingine kupimwa uzito, sikumwona tena mpaka siku ya kupanda ndege. Lakini mkono huu ulikuwa na kiraka cha kaki kiwikoni.

Mwalimu Galgalo ananitazama kutoka chini. Hajazeeka, hajawa kijana. Ni yeye tu.

"Ulimtembeza?" akaniuliza.

Nikajua anauliza nini. Katika mabanda yake kulikuwa na sheria moja iliyotuchosha sote tulipokuwa wanafunzi. Aliyempanda farasi ndiye anayemtembeza baada ya mbio. Hapewi mtu mwingine kamba. Unashuka, unatembea kando ya bega lake, kwa miguu yako, bila kuongea, kupanda na kushuka ile barabara ya mawe nyuma ya mabanda, mpaka jasho likauke. Tulinung'unika sana. Wengine wanaoga, sisi tunasindikiza farasi.

"Walimchukua, Mwalimu," nikasema.

"Na nyumbani?"

"Aliwekwa karantini. Halafu Mama Nyokabi akampeleka shambani kwake apumzike. Amerudi bandani juzi tu."

Hakunilaumu. Alitikisa kichwa kama anayesikia habari aliyokuwa nayo, akanifanyia ishara nishuke. Nikashuka. Mchanga ukawa mawe, mataa yakawa asubuhi, na ile barabara ya nyuma ya mabanda ikawa mbele yetu, ndefu kuliko ilivyo. Mwalimu akashika kamba akatangulia na Zuhura, mimi nikafuata nyuma. Wanapanda vizuri. Kule juu wakageuka, wakaanza kuteremka kuja kwangu, na hapo nikaona kitu kilichonisimamisha. Mwalimu anatembea sawa. Miguu yake miwili ni mizima, anakanyaga kama askari kwenye gwaride. Anayechechemea ni farasi.

Nikageuka kuwaangalia mashabiki. Jukwaa liko palepale kando ya barabara, limejaa, nao wote wametazama upande wa uwanja, wanabishana juu ya mchanga na mataa. Hakuna aliyegeuka. Nikataka kuwapigia kelele, nikataka kumshika bibi mabega nimgeuze kwa nguvu.

"Waache," akasema Mwalimu. "Wanambishania kwa sababu wanampenda."

"Wanasema niliogopa!" Sasa sauti ilitoka, tena kubwa. "Mwalimu, wanasema niliogopa!"

Akanifikia. Akanitia kamba mkononi, akaukunja mkono wangu juu yake, vidole vyake vikavu vilevile.

"Uliogopa," akasema. "Ndiyo maana yuko hai."

Nikafungua mdomo nimjibu, na mdomo wangu ukajaa blanketi.

Ndinda alikuwa ameketi kitandani ananitazama. Dirishani kulikuwa kunapambazuka. Mkono wangu ulikuwa umefumbata shuka kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

"Unamwitikia nani?" akaniuliza.

"Mwalimu Galgalo."

Ndinda si mtu wa kucheka ndoto. Kwao wafu wakija wanasikilizwa. "Alikuja kufanya nini?"

"Kuniuliza kama nilimtembeza Zuhura."

Alivuta blanketi mabegani. Kisha akauliza polepole, "Baba Mwende, ukimtembeza ukaona kitu, ile kazi ya Ghuba itakuwaje?"

"Haitakuwepo."

Alijilaza akanipa mgongo. Nilidhani amekasirika, na pengine alikuwa amekasirika, lakini nilipokuwa nafunga kamba za viatu akasema, uso ukutani, "Vaa sweta, kuna baridi."

Zuhura alikuwa macho. Alinitambua kwa hatua, akatoa sauti ndogo ya puani nilipofungua mlango wa banda. Nikamfunga kamba, tukatoka kwa nyuma, kwenye ile barabara ya mawe. Sikumwambia mtu. Tukapanda, mimi kando ya bega lake, na kwato zake zikagonga sawasawa mpaka juu, hata nikaanza kujicheka. Mtu mzima naamshwa na ndoto, nakuja kumsumbua mnyama asubuhi yote hii. Madaktari wawili wamesema hana kitu. Nilikuwa tayari kumpigia Mama Nyokabi simu nimwambie nitampanda. Kusema kweli nilifurahi.

Tukageuka, tukaanza kuteremka.

Kila mguu wa kushoto ulipogusa mawe, Zuhura aliinua kichwa. Kidogo sana. Mtu aliyesimama kando ya barabara asingeona. Kwenye majani laini, kwenye tambarare, hata kwenye uwanja wetu unaozunguka kulia na kuuacha mguu ule upande usiobeba mzigo, kitu hicho kisingeonekana kamwe. Lakini bega lake lilikuwa kando ya bega langu. Mguu, kichwa. Mguu, kichwa. Nikamsimamisha. Nikapitisha kiganja kuanzia gotini kushuka chini, naye akauinua ule mguu kabla sijamwomba, akauacha mkononi mwangu.

Nililia pale. Nililia kwa furaha, kwa kuwa mikono yangu haikunidanganya kule ng'ambo, na nililia kwa kuwa farasi bora niliyewahi kumpanda alikuwa amekwisha kukimbia. Simu ikalia mfukoni nikiwa bado nimeushika mguu.

"Mutua," akasema Mama Nyokabi. "Jibu langu."

"Mama, Zuhura haendi. Haendi na mimi, haendi na mwingine. Mguu wa kushoto ni mbaya."

"Daktari amesema ni mzima."

"Daktari hakumtembeza akishuka kwenye mawe. Njoo umwone mwenyewe. Ukimpeleka tena kwenye ile kona, utarudi na tandiko peke yake."

Nilisikia akivuta pumzi, nikajua anawaza yale ninayowaza mimi: bucha, mashabiki, na bingwa atakayesemwa maisha yake yote kwamba alikuwa wa hapa nyumbani tu, na hakuna mbio nyingine za kuwanyamazisha.

"Anaumia sasa hivi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Akishuka tu."

"Basi usimshushe," akasema. "Kaeni hapohapo. Nakuja."

Nikauweka mguu chini taratibu. Tukasimama pale katikati ya mteremko, mimi na Zuhura, tukamngoja.